Daftari la Kuanguka

Daktari alisema niandike, kila anapoanguka, siku na saa.
Nikachukua daftari la chama cha msingi,
upande wa pili wa hesabu za salfa za marehemu baba:
Chande, Jumanne, alfajiri, akifunga viatu.
Chande, Ijumaa, dakika nne. Ameuma ulimi.
Chande, msimu wa kuokota korosho, juu ya jiko.
Mkono wa kulia. Waliokuwepo waliogopa povu,
wakakimbia. Kuku ndiye aliyebaki.

Hapa Newala husemwa aliyeanguka Shimo la Mungu harudi.
Chande hurudi, ila kila mara
amesahau leo ni siku gani.

Kabla ya daktari tulikwenda kwa fundi mara tatu.
Beberu mweusi, kaniki mikono minne.
Jini likatajwa jina, na kabila lake, na linachotaka:
ubani, na pesa.
Jini lenye jina ni mgeni. Mgeni hupikiwa, huagwa.
Tungeweza kuishi nalo.

Daktari hakutaja jini.
Aliinua dirishani picha iliyopigwa Mtwara mjini kwa nauli ya kukopa:
kichwa cha kaka yangu kimepasuliwa katikati
kama korosho anayoikata mpimaji pale ghalani
aone kama tutalipwa daraja la kwanza.
Nilihesabu madoa kumi na moja.
Mpimaji angeitupa gunia la pili.

"Tegu wa nguruwe," alisema.
Mama akasimama, akafunga mtandio upya.
Nguruwe? Nyumba hii? Tangu babu wa babu yake!
Daktari alimngoja amalize.
Akasema anayekula nyama isiyoiva hufuga mnyoo tumboni.
Huyu mwenye madoa si lazima awe amekula nyama.
Amekula mikono ya aliyekula.
Akauliza maji mnayapata wapi. Choo kina mlango?
Nani anapika?

Ninapika mimi.

Mama alikuwa ameshafika nusu ya njia kwa Edmundi Nampota,
achinjaye Jumamosi nyumba ya tatu kutoka kwetu,
bila mkaguzi, maana bwana mifugo ni mmoja kwa kata nne
na pikipiki yake haina mafuta.
Kitongoji kizima kingemfuata mama, na fimbo.
Lakini Edmundi hajawahi kupika kwetu.

Mnada ule korosho zilipolipa vizuri
nilikula kitimoto nyuma ya kibanda chake, gizani,
na ndimu, na pilipili, vidole vikinata.
Mara mbili. Haya, mara tano.
Nyama ilikuwa na vipunje vyeupe kama mtama.
Nilidhani ni mafuta.

Tulipewa vikopo vya choo, kila mtu na chake.
Changu kilirudi na jibu.
Nesi Hilda aliniambia kwa sauti ya chini,
aliona mama yupo kwenye benchi.
Nikameza vidonge nimesimama.
Daftari hili halina safu ya jambo hilo.

Kiangazi ndoo ni shilingi mia saba, inaletwa kwa baiskeli.
Bango la zahanati linasema nawa kwa maji tiririka.
Yatiririke kutoka wapi?
Nanawa kwa kikombe, kidole kimoja kimoja, chini ya kucha.
Mama anasema, Somoe, unamwaga maji kama mtu wa pwani.
Nasema ndiyo, mama.

Vidonge vya kifafa vimeisha, rudini tarehe tano.
Tarehe tano: rudini tarehe kumi na tisa.
Chande, Jumatatu, saa mbili usiku, dakika sita.
Alipozinduka aliuliza kama amevunja kitu.

Kisha dawa zikaja. Siku kumi, hakuna. Ishirini, hakuna.
Jana mama alisema huenda jini limechoka.
Nikasema huenda.

Leo nimeandika: hakuna.
Nikanawa, nikasonga ugali.
Chande akanyoosha sahani kwa ule mkono wenye kovu,
akaongea habari za mpira,
wala hakuangalia vidole vyangu.